Mwanzilishi wa Redio Mauna

Meneja Gai alikuwa mtu wa kuvaa miwani ya jua studioni. Studio yenyewe haina dirisha, na taa yake moja huwaka ikipenda. Hata hivyo Gai aliingia na miwani yake, akajigonga nyonga kwenye meza ya mitambo, akaitukana meza. Annet, aliyekuwa akikunja nyaya, aligeuka akamkabili ili Emma, mgongoni mwake, abaki akitazama ukuta. Mtoto wa mwaka na nusu huiga kila kitu, na yako mambo ambayo mama mwenye akili hataki yaigwe.

"Mama Emma, hebu skiza," alisema Gai alipokwisha kukipapasa kiti na kukipata. "Redio Mauna inagonga miaka kumi na tano. Tunafanya sherehe noma, manze. Askofu anakuja, wafadhili wanakuja, na yote inaenda hewani moja kwa moja. Sasa nataka historia. Si wewe ndio msomi wa shule ya jioni?"

"Historia ya redio, bosi?"

"Ya redio na mwanzilishi wake."

"Mwanzilishi ni nani?"

Gai akavua miwani. "Unamwangalia."

Annet alimwangalia, kwa kuwa ameambiwa. Mwanzilishi huyu ndiye yuleyule ambaye kila mchana, akimega asida iliyonunuliwa na ofisi, huwasimulia wafanyakazi jinsi alivyotoka Nakuru na masanduku mawili akaikuta redio imeoza, akaifufua. Mtu anawezaje kuanzisha kitu alichokikuta kimeoza? Hilo hakuna aliyethubutu kumuuliza. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Bahati mbaya ya Hai Mauna, mtaa wenye redio hii, ni kwamba debe hili lilipewa masafa.

"Niandikie poa," Gai akaendelea, "na kipindi cha asubuhi ni chako."

Hapo Annet akaacha kukunja nyaya. Kwa miaka miwili alikuwa mtu wa kujitolea, akisoma kwa Kiswahili salamu za madereva wa malori mchana wa jua kali, wakati bati la studio linamwaga joto na nusu ya wasikilizaji wamelala mdomo wazi. Asubuhi ilikuwa kitu kingine. Sauti ya asubuhi huingia nyumbani kabla chai haijachemka. Mama aliyekesha na mtoto mchanga akiisikia hujua kwamba usiku umemshindwa. Annet aliitaka asubuhi ile kama mjamzito anavyotaka udongo. Shule ya jioni aliisoma akinyonyesha, daftari kwenye goti moja na mtoto kwenye jingine, na kila alipochoka alijisemea kimoyomoyo: habari za asubuhi, Juba.

"Nitaandika, bosi."

"Safi. Na usiniletee Kiswahili ya Uganda."

"Mimi iko na Kiswahili safi," akajibu Annet, ambaye alikulia Bweyale, Uganda, na alijua vizuri anachosema. Gai akaguna kwa kuridhika. Mtu asiyejua kwamba anachekwa ana raha zake.

*

Kosa la kwanza alilifanya Annet mwenyewe. Katika salamu zake za mchana alitangaza kwamba Redio Mauna inawaandikisha wote waliokuwapo tangu mwanzo. Lo! Katika mji huu ukitamka "kuandikisha" huwezi kulirudisha neno mdomoni. Watu wa Juba wameandikishwa kwa mahindi, kwa vyandarua, kwa maturubai, kwa sabuni. Hawajawahi kuandikishwa kwa ajili ya kumbukumbu. Asubuhi iliyofuata kulikuwa na foleni kutoka lango la redio mpaka kwa mchomeleaji vyuma, watu wameshika kadi za mgao, wengine wamekuja na ndoo.

Na kila mmoja alikuwa mwanzilishi. Mzee mmoja, Madut, mwenye kofia ya manyoya kwenye joto lile, alidai kwamba mlingoti aliusimamisha peke yake kwa mikono miwili. Annet alipomwonyesha mlingoti, mrefu kuliko mnara wa kanisa, mzee akautazama juu, akautazama chini, akasema wakati ule ulikuwa mfupi, umekua. Kijana mwenye mkufu alisema yeye ndiye mtangazaji wa kwanza. Ukimhesabia, siku ile alikuwa darasa la pili. Wengine walikuwa wameanzisha redio mbili, moja hapa na nyingine Torit, na walitaka kujua kama mgao ni mmoja au miwili.

"Mama, sabuni itakuja lini?" aliuliza wa mwisho, baada ya kusema uongo wake haraka haraka kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Hakuna sabuni, mzee."

"Sasa mimi nimeanzisha redio ya nini?"

Annet alicheka mpaka Emma akaamka. Lakini jioni ile, akiosha nepi, hakucheka tena. Hakuwa na hata neno moja la kuandika. Waongo hawa walidanganya kwa njaa, na uongo wa njaa husameheka. Gai alikuwa ameshiba.

Basi akaacha kuwauliza wanaume. Akawauliza kina mama, na hakuwauliza mwaka, maana mwaka katika nchi yenye vita ni kitu cha kuteleza. Aliuliza hivi: "Redio ilipoanza kusema, ulikuwa umembeba nani?" Kwa swali hilo hakuna mama anayebabaika. Anageuka, anaita jina, na tarehe inakuja mbio na magoti machafu. Huyu alikuwa tumboni. Huyu alikuwa anaota meno. Huyu alikuwa hajazaliwa, muulize shangazi yake. Kwa siku chache Annet akawa na kalenda nzima yenye miguu, na kalenda hiyo ikampeleka Mangateen, kambi ya waliokimbia vita, kwa mama mmoja aitwaye Nyaluak, aliyekuwa akikaanga kisra, mikate myembamba ya mtama, mbele ya kibanda cha turubai.

"Wangu ni yule," alisema Nyaluak, akionyesha kwa kidevu msichana mrefu aliyekuwa akibishana na wenzake kwenye bomba la maji. "Kumi na tano. Jina Nyaredio."

"Nyaredio?"

"Binti wa redio. Sasa ningemwita nani? Alizaliwa usiku ule redio inasema mara ya kwanza. Wakati huo tulikaa Mauna, kabla vita kutuleta huku. Mimi niko chini, uchungu umenishika, mkunga hajafika, na jirani ana redio yake. Mara sauti ya mama inatoka. Anasema na sisi. Wallai, kama amekaa hapo kwenye mkeka."

"Alisema nini?"

Nyaluak aliondoa kisra kwenye bamba, akaikunja taratibu. "Alisema: kila mama anayezaa usiku wa leo, asiogope. Mtoto wake nitamsimamia ubatizo mimi mwenyewe. Mimi ni Lilly, mwalimu wa kwaya. Jumapili mniletee." Akatabasamu. "Jumapili tukampelekea. Ya mama! Kanisa lilijaa. Kila kona mwanamke na kichanga, wote wanamtafuta Lilly."

"Akafanyaje?"

"Alishika kichwa. Kisha akawabeba wote, mmoja mmoja. Mpaka leo ni mama yao wa ubatizo. Nyaredio akishikwa na homa, Lilly anakuja. Akifukuzwa shule, Lilly anakwenda kugombana na mwalimu. Siku mahari yake itakapozungumzwa, Lilly atakaa mbele, pale pale, na huyo bwana atajua hajui."

"Na Gai je? Meneja?"

"Gai nani?" aliuliza Nyaluak.

*

Lilly alipatikana Nesitu, kando ya barabara ya Nimule, akiuza chai na chapati kwa madereva walewale ambao Annet huwasomea salamu. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kujaza kanisa bila kipaza sauti, na dharau ya kujaza barabara. Annet alijitambulisha kwa heshima zote, akapiga goti kidogo kama walivyomfundisha Bweyale, akasema ametoka Redio Mauna.

"Bado iko hai?" alisema Lilly, akikanda unga. "Wakati wangu ilifika mpaka hapa. Sasa haifiki. Mmeivisha suti ikashindwa kutembea."

"Mama Lilly, chapati mbili na maharage!" dereva mmoja aliita.

"Subiri! Lori lako limesubiri mpakani juma zima, wewe hutasubiri chapati?" Akamgeukia Annet. "Haya, unataka nini na huyo mtoto kwenye jua hili? Mweke kivulini kwanza."

Annet alimlaza Emma kwenye gunia la unga, akaeleza: historia, sherehe, askofu. Lilly alimsikiliza huku akitupa chapati kwenye tawa kama mtu anayempiga kofi adui. Alisimulia kwa kifupi na bila kujisifu sana. Alikuwa na mambo mengine ya kudharau. Padri mmoja aliwaachia mtambo kwenye sanduku akaenda zake kwao. Yeye Lilly akatafuta fundi, akatafuta mlingoti, akawasumbua watu wa mbao na watu wa bati mpaka wakajenga ili awaache walale. Usiku wa kujaribu mtambo fundi alimwambia aseme chochote, asinyamaze, yeye anapima mawimbi. Akaimba. Nyimbo zikaisha. Akasalimia ukoo wake wote, ukaisha.

"Nikasema sasa nitasema nini? Nikakumbuka wanawake wanaozaa gizani. Nikaahidi. Mimi nilijua ni majaribio, nani anasikiliza majaribio? Kumbe watu wa Mauna walikuwa na redio wazi tangu asubuhi, wanasikiliza shwaaa, wanasema hii ndiyo kipindi." Akacheka kwa mara ya kwanza. "Nimelipa maneno yale kwa mgongo wangu huu."

"Na Gai?"

Kicheko kikakatika. "Gai alikuja baadaye na masanduku yake. Akasema sauti yangu ni ya kijijini. Akanitafutia kazi ya kupanga viti. Mimi? Nikamwachia viti vyake."

Annet aliinamisha kichwa. "Mama, anataka niandike kwamba yeye ndiye aliyeanzisha. Nikikataa nakosa kipindi cha asubuhi. Lakini nataka kuandika jina lako."

Lilly alifuta mikono kwenye aproni. Hakukasirika, alionekana kama mtu aliyeletewa zawadi asiyoitarajia.

"Jina langu liache. Sitaki likae karatasi moja na la huyo. Wewe mwambie mwanzilishi wenu hivi: anataka mwanzo, achukue mwanzo wote. Achukue na watoto. Wale wenye homa, wale wakorofi, wanaotaka kipaimara mwezi ujao, wote wake. Mimi nimechoka, nashukuru kumpata mtu wa kunipokea." Akampa Annet chapati mbili ndani ya gazeti. "Kula. Mama anayenyonyesha hawezi kupigana na njaa."

*

Annet aliandika ukweli kwanza, kama mtu anayeonja mchuzi kabla ya kuugawa. Akampelekea Gai. Gai alisoma mstari wa kwanza, akaona "Lilly", akaona "Lilly" tena chini yake, akazirudisha karatasi.

"Huyu mama wa kwaya amejaa kila mahali kama nzi. Toa yeye, weka mimi."

"Wapi, bosi?"

"Kila mahali! Pale umeandika Lilly, andika Gai. Kazi ya dakika."

"Lakini bosi, kuna habari ya usiku wa kwanza, kuna ahadi aliyotoa kwa wale wamama. Ni jambo la ubatizo. Hiyo pia niweke wewe? Afadhali uisome kwanza."

"Msichana, nimesema nini? Kila kitu alifanya, nilifanya mimi. Nitasoma siku hiyo hewani kama wengine." Akafikiri kidogo, akafurahia alichofikiri. "Na hao watoto umewataja, waite waje. Wafadhili wanapenda watoto. Wavae vizuri."

Annet alikwenda akafanya alivyoagizwa. Alitoa Lilly, akaweka Gai, mstari kwa mstari, na kila mara kidole kilisita. Hakujidanganya kwamba ana mpango. Sehemu moja ya moyo wake ilitaka kuona uso wa mtu yule. Sehemu nyingine, na hii ndiyo iliyomtia haya, iliendelea kusema: habari za asubuhi, Juba. Alikuwa amemwonya, si amemwonya? Mtu mzima akiambiwa asome akakataa, mwenye kosa ni nani?

Siku ya sherehe ua wa redio ulifunikwa turubai jeupe. Askofu alikaa katikati, wafadhili kulia, na Gai kushoto katika suti ya buluu yenye kung'aa kama samaki aliyetoka majini sasa hivi. Kipaza sauti kilikuwa hewani. Nyuma, kwenye mabenchi, walikaa kina mama wa Mauna na Mangateen na watoto wao warefu wenye miaka kumi na tano, na Nyaluak mbele yao wote katika lawo mpya, kitambaa kimefungwa begani kama cha arusi.

Annet akasoma. Alisoma jinsi Gai alivyoupokea mtambo kutoka kwa padri, na Gai akatikisa kichwa kwa unyenyekevu. Alisoma jinsi Gai alivyotafuta mbao na bati, na wafadhili wakapiga makofi. Alisoma jinsi Gai alivyoimba nyimbo za kwaya usiku mzima, na hapo askofu akamtazama Gai kwa mshangao, kwa kuwa aliwahi kumsikia akiimba.

"Ndipo Gai," Annet akasoma, na sauti yake ikatulia, "akawaahidi kina mama wote waliokuwa wakijifungua usiku ule kwamba atawasimamia watoto wao ubatizo, yeye mwenyewe, na kuwa mzazi wao mbele ya Mungu siku zote."

Makofi yakaanza kulia, kisha yakafa. Nyaluak alikuwa amesimama. Alimshika Nyaredio mkono, akapita katikati ya viti mpaka mbele ya suti ya buluu, na nyuma yake benchi zima likainuka.

"Kumbe ni wewe!" alisema, na kipaza sauti kikampokea vizuri. "Ya baba, sisi tulidhani ni Lilly. Miaka yote unamtuma yeye, wewe umejificha. Karibu. Huyu ndiye binti yako. Kipaimara ni mwezi ujao. Na kuna mtu ameanza kuuliza habari za mahari, tunamtaka baba akae mbele."

"Wangu ana kifafa, baba," alisema mama mwingine. "Tukupigie simu usiku?"

"Wangu amefukuzwa shule!"

Gai alirudi nyuma na kiti chake. Kwetu msimamizi wa ubatizo hasemi "nitaangalia." Ukikubali mbele ya askofu umekubali, ukikataa mtoto mbele ya askofu, jina lako litaliwa na mbwa. Gai alimtazama askofu. Askofu alikuwa akisubiri, mikono tumboni, kwa hamu isiyofaa sana kwa cheo chake.

"Mimi sikuwepo!" Gai akalia. "Usiku huo mimi nilikuwa Nakuru! Sijawahi ona hawa watoto, haki ya Mungu!"

Juba nzima ikamsikia, kila mahali Redio Mauna inapofika. Kisha mtu akacheka chini ya turubai, na Gai akageuka akiwinda pa kutupa mzigo, akampata Annet.

"Ni huyu! Huyu msichana wa shule ya jioni ameandika makosa. Sema, Mama Emma. Waambie umekosea."

Annet alijua anachoulizwa. Akisema "samahani, nimekosea," na kuketi, asubuhi bado ni yake. Gai alikuwa akimwomba kwa macho, na mtu aliyeokolewa mbele ya wafadhili hulipa. Emma alikuwa akivuta hereni yake. Annet akaisogeza mikono ile midogo pembeni, akakaribia kipaza sauti.

"Wasikilizaji, ni kweli nimekosea," alisema. "Nimeandika jina lisilo la mwanzilishi, na nililiandika nikijua. Naomba radhi. Sasa narekebisha. Historia ya Redio Mauna, kutoka mwanzo."

Akasoma upya, mstari kwa mstari, na kila mahali akarudisha Lilly. Hakuna aliyemkatisha. Gai aliketi akiangalia viatu vyake, na nafasi kati yake na askofu ikawa kubwa kidogo kidogo, kwa kuwa askofu alikuwa akisogeza kiti.

Kipindi cha asubuhi alipewa mpwa wa Gai, kijana anayesoma habari za vifo kwa sauti ya tangazo la soda. Annet aliambiwa abaki na madereva wake; hawakuthubutu kumfukuza, maana askofu aliomba nakala ya ile historia. Alilia usiku mmoja, kwa kuwa asubuhi ile aliitaka kweli. Jumamosi akampaka Emma mafuta, akapanda boda mpaka Nesitu.

Lilly alikuwa ameshasikia. Madereva hubeba habari kuliko mizigo. Hakusema asante. Alimtazama Annet, akamtazama mtoto aliyevalishwa soksi nyeupe katikati ya vumbi lile.

"Sasa huyu umemleta kufanya nini?"

"Hajabatizwa, mama. Mimi nimekuja kukuomba."

"Niliahidi wa usiku ule tu! Huyu amechelewa mno." Lakini mikono ilikuwa imeshatoka kwenye unga, imeshamchukua mtoto, na alama nyeupe za vidole zikabaki kwenye gauni. Emma akamshika pua. Lilly akamwacha aishike.

"Haya," alisema kwa sauti ya puani. "Jumapili gani? Na baba wa ubatizo tafuta dereva, tafuta fundi, tafuta hata mwizi aliyetubu. Mtu wa redio usiniletee."